Mwenyekiti Akiiba, Chama Kifungwe?

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hii hutamkwa haraka sana katika mikutano yetu ya hadhara, hasa siku ile mweka hazina anapotoweka na fedha za watu, au kiongozi wa dini anapokamatwa kwa jambo la aibu. Kinachofuata tunakijua sote. Wito hutolewa kwamba chama kivunjwe, stegi ya bodaboda iondolewe, nyumba ya ibada itiwe kufuli, kampuni inyang'anywe leseni. Wanaotoa wito huo si watu wabaya; mara nyingi ndio walioumizwa zaidi. Somo la toleo hili linauliza kama wito wao ni wa haki, na ikiwa ni wa haki, ni wakati gani na kwa kiasi gani.

Tunaliandika kwa ajili ya wakazi wa Masinya na majirani zao wa Dabani, Buteba na Busitema, wa mji wa Busia pande zote mbili za mpaka, na wa Malaba na Tororo. Katika ukanda huu maisha ya mtu yamefungamana na taasisi nyingi ndogo ndogo. Mama mmoja anaweza kuwa mwanachama wa Sacco ya parishi, mwekaji akiba katika kikundi cha kijiji, mwimbaji wa kwaya, mzazi katika kamati ya shule na mteja wa wakala wa forodha, yote katika wiki moja. Kiongozi mmoja wa taasisi hizo akikosa, mama huyo huumia. Taasisi ikiadhibiwa kwa kosa hilo, mama huyo huyo huumia mara ya pili. Ndiyo maana jambo hili halifai kuachiwa hasira ya siku moja.

Kulipa, kuadhibiwa, kuzuiwa

Tuanze na mambo matatu yanayochanganywa kila mara. Kulipa ni kurudisha kilichopotea au kumfidia aliyeumizwa. Kuadhibiwa ni kubebeshwa lawama ya kosa, iwe kwa kifungo, kwa faini au kwa kuvuliwa cheo. Kuzuiwa ni kuwekewa mipaka ili madhara yasiendelee, hata kabla haijajulikana nani mwenye hatia. Machoni pa mwananchi aliyekasirika matatu haya huonekana kitu kimoja, lakini mbele ya sheria kila moja lina mlango wake.

Katika kulipa, sheria za Afrika Mashariki haziionei taasisi huruma, nasi tunaona ni sawa. Mwaka 1967 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya Muwonge dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda. Wakati wa ghasia, askari polisi alimfyatulia risasi mtu aliyekuwa akikimbilia nyumba, akamuua. Hapakuwa na sababu ya kufyatua. Je, serikali iwajibike kwa tendo la askari ambaye hakuna aliyemtuma kuua? Mahakama ilijibu kwamba ndiyo, kwa kuwa askari yule alikuwa katika kazi aliyopewa ya kutuliza ghasia, hata kama aliitekeleza kwa ukatili na bila sababu. Mwajiri hawezi kufurahia utumishi wa mtu wake siku za heri, kisha akamkana siku ya shari. Lakini tuangalie vizuri: hukumu ile haikusema kwamba kila askari wa Uganda ni muuaji. Ilisema tu kwamba familia iliyofiwa isiachwe kumfukuzia askari mmoja asiye na mali, wakati aliyempa bunduki na mamlaka yupo.

Miaka mingi baadaye sheria iliongeza upande wa pili. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya Uganda ya mwaka 2019 inasema kwamba ofisa wa umma anayevunja haki za mtu anawajibika yeye binafsi, hata kama serikali nayo inawajibika kwa matendo yake, na mahakama inaweza kumwagiza atoe mfukoni mwake sehemu ya fidia. Kwa maneno mengine, ofisa hawezi tena kuvaa sare kama blanketi ya kujifunika kichwa. Taasisi italipa, naye atalipa.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wetu uko pale forodhani. Katika Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, na kile cha Malaba, mfanyabiashara wa kawaida hajazi nyaraka zake mwenyewe. Humpa kazi hiyo wakala. Wakala akidanganya kuhusu mzigo, nani ana hatia? Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inajibu kwa busara ambayo tungependa ifahamike hata nje ya forodha. Mwenye mali anawajibika kwa matendo na maelezo ya wakala aliyemwidhinisha, na anaweza kushtakiwa kana kwamba alitenda yeye. Hata hivyo hatafungwa gerezani kwa kosa la wakala wake, isipokuwa kama kweli aliliridhia kosa hilo litendeke. Mali yake inaweza kuguswa kwa kosa la mwakilishi wake. Mwili wake hauguswi kwa kosa asiloliridhia. Waliotunga kifungu hicho walikuwa wakifikiria magunia na malori, lakini walichora mstari ambao vyama vyetu vinauhitaji.

Wasichana ambao hawakucheza

Sasa tutazame yanayotokea mstari huo usipozingatiwa. Tarehe 11 Novemba 2021 Waziri wa Michezo wa Kenya alilivunja Shirikisho la Soka la nchi hiyo kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha, akateua kamati ya muda. Rais wa shirikisho alikamatwa siku iliyofuata. Shirikisho la soka duniani, FIFA, halikubali serikali kuingilia uongozi wa vyama vyake. Februari 2022 likaifungia Kenya yote. Adhabu hiyo iliondolewa mwishoni mwa Novemba mwaka huo huo.

Hatusemi hapa nani alikuwa na haki kati ya waziri na shirikisho. Tunauliza nani alilipa. Timu ya wanawake ya Kenya, Harambee Starlets, ilikuwa imeifunga Sudan Kusini jumla ya mabao 15 kwa 1, ikawa inangoja kukutana na Uganda katika mchujo wa Kombe la Afrika la Wanawake. Mechi hizo hazikuchezwa. Uganda ilifuzu kwenda Morocco bila kutoa jasho katika raundi hiyo, jambo ambalo hata sisi wa upande huu hatukulishangilia kwa moyo mweupe, kwani ushindi wa kupewa hauna ladha. Baadaye Vihiga Queens, klabu ya wanawake kutoka Vihiga, si mbali na hapa, nayo ilikosa mashindano ya kanda ya mwaka 2022. Timu ya wanaume iliondolewa katika mchujo wa Kombe la Afrika. Hakuna msichana hata mmoja wa Starlets aliyewahi kutia saini hundi ya shirikisho. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi ilikuwa na miaka ishirini na kitu, ikiwa imefanya mazoezi mwaka mzima.

Ikiwa hapo palikuwa na kosa, lilikuwa la watu wanaohesabika, wenye majina na ofisi. Adhabu ikawafikia maelfu. Mtu anaweza kusema kwamba adhabu nzito ya namna hiyo huilazimisha nchi nzima kurekebisha mambo. Hoja hiyo ina nguvu, na tutaijibu mbele kidogo, kwa kuwa ndiyo hoja bora zaidi ya wale wanaotaka taasisi ziadhibiwe.

Kanungu na Shakahola

Lakini zipo taasisi ambazo huwezi kuzitenganisha na kosa. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, wafuasi wa kundi lililojiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao, zaidi ya watu 500, watoto wengi miongoni mwao. Siku chache baadaye polisi walifukua miili mingine mamia katika makazi mengine ya kundi hilo. Kundi lile halikuwa la mafichoni: lilikuwa limesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali, lenye karatasi zake. Wakuu wake, akina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, hawakufikishwa mahakamani hata siku moja. Kama waliungua pamoja na waumini wao au walitoroka, haikuthibitika.

Tunaona Kanungu inafundisha jambo ambalo wapenda kufunga taasisi hulisahau. Taasisi ile ilikwisha kabisa: haina usajili, haina jengo, haina muumini. Kwa hesabu ya kuadhibu taasisi, hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Je, haki ilitendeka? Ndugu wa waliokufa hawakumwona mtu hata mmoja kizimbani. Taasisi ilitoweka, na mtu akatoweka nyuma yake.

Miaka 23 baadaye, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya ilifukua miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa maelezo ya upande wa mashtaka, walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Mungu. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifunguliwa mashtaka, yakiwemo ya mauaji ya watoto 191 na ya ugaidi. Waliyakana, na mahakama ndiyo mwenye neno. Usajili wa kanisa lake, Good News International, ulifutwa mwaka 2023. Hapa hatuna ubishi. Ikiwa fundisho lenyewe ndilo linaloua, kufuta usajili si kuwaonea waumini. Ni kuziba kisima chenye sumu. Huko ndiko tulikokuita kuzuia.

Hata hivyo Shakahola ina ukurasa mwingine usiosomwa sana. Mnamo Juni 2023, watu 65 kati ya waliookolewa msituni walikataa kula katika kituo walichohifadhiwa. Walifikishwa mahakamani Shanzu kwa shtaka la kujaribu kujiua, wakapelekwa gereza la Shimo la Tewa. Fikiri: mtu aliyedanganywa hadi kukaribia kufa, akaokolewa, kisha akaitwa mhalifu kwa dalili ya udanganyifu ule ule. Watetezi wa haki walilipinga jambo hilo, na tunaamini walikuwa na sababu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha sheria kinachofanya kujaribu kujiua kuwa jinai kinakwenda kinyume cha Katiba. Tunalitaja hili kwa sababu mwendo wake unafahamika hata katika mambo madogo. Tukianza kwa kusema kundi lote ni ovu, hatua ya pili ni kumtendea kila aliyekuwa ndani kama mwovu, na wa kwanza kukutwa na mkono wetu huwa ni mnyonge asiyeweza kukimbia.

Mwaka huo huo makanisa mengine kadhaa nchini Kenya yalifutiwa usajili, na moja kati yao likaenda Mahakama Kuu kupinga. Hiyo ni haki yao. Kila taasisi inayotuhumiwa isikilizwe kwa jina lake na kwa matendo yake, si kwa kufanana na jirani. Na tuseme wazi, kwa kuwa katika vijiji vyetu wapo waliopata taabu hiyo: kikundi kidogo cha maombi chini ya mwembe si Shakahola kwa sababu tu waumini wake hufunga kula siku za Ijumaa.

Ni lini taasisi yenyewe ina hatia

Turudi kwenye hoja tuliyoiacha. Wanaosema taasisi iadhibiwe husema hivi: wanachama wakijua kwamba wataumia, watamchunga kiongozi wao. Asiyeogopa kuumia hulala usingizi. Ni kweli. Lakini hoja hii inasimama pale tu mwanachama alipokuwa na uwezo wa kuchunga. Mwenye hisa katika kampuni anaweza kuuliza, kukataa, kumwondoa mkurugenzi. Mjumbe wa kamati ya mikopo anaona leja. Mwanafunzi wa shule ya msingi hawezi kumkagua mwalimu mkuu. Mtoto wa Shakahola hakuwa na kura. Kwa hiyo sisi tunapima hivi: adhabu ya taasisi ni ya haki kwa kadiri wale watakaoibeba walivyokuwa na uwezo wa kulizuia kosa. Uwezo ukiwa mdogo, adhabu ipungue; usipokuwepo kabisa, ibaki kulipa na kuzuia tu.

Sheria ya Kenya ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 inakaribia sana fikra hiyo. Inaitaka kila taasisi iweke taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa wake na hatari iliyo nayo, na kampuni ambayo mtu wake anatoa hongo ili kuipatia biashara inaweza kuhesabiwa kuwa na kosa. Tazama kinachoadhibiwa: ni kutokuwa na mlinzi mlangoni, na ni faida iliyokubaliwa bila kuuliza ilikotoka. Hilo ni kosa la taasisi kwa maana kamili, na haliwezi kusukumiwa mtu mmoja.

Tungeongeza jambo la tatu ambalo katika uzoefu wa dawati letu ndilo zito kuliko yote: kuficha. Kiongozi anaweza kuwadanganya wenzake mwaka mzima, na hilo likawa kosa lake peke yake. Lakini kamati inapogundua wizi mwezi Machi, ikakubaliana kimya kimya kwamba mkutano mkuu wa Juni usiambiwe ili jina la chama lisiharibike, tangu siku hiyo kosa limebadilika mwenyewe. Shule inayomhamisha mwalimu aliyemdhuru mtoto badala ya kuja kituoni imeingia katika lile kosa kwa miguu yake. Vivyo hivyo stegi: mwendeshaji mmoja akimpora abiria, stegi haina hatia, wenzake wakibadilishana naye jaketi ili asitambulike, wamejiandikisha. Jina la taasisi linalolindwa kwa njia hiyo huharibika vibaya zaidi siku ya kufichuka.

Sacco ya parishi

Tangu Februari 2022, mpango wa serikali ya Uganda tunaouita PDM ulipozinduliwa Kibuku, kila parishi imepangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, zinazopitia Sacco ya parishi na kukopeshwa kaya, shilingi milioni 1 kwa kaya. Kwa vijiji vingi hizi ndizo fedha nyingi zaidi zilizowahi kusimamiwa na watu wa hapo hapo. Tuseme, kwa kubuni tu, kwamba mwenyekiti wa Sacco moja ameorodhesha wakopaji wasiokuwepo, akagawana fedha na mtu mmoja wa kamati. Wakopaji halisi themanini wamekopa, wamenunua nguruwe na mbegu, wanaendelea kurejesha. Mkutano unaitishwa, watu wanafoka, azimio linapigiwa makofi: Sacco ivunjwe!

Hasira za mkizi furaha kwa mvuvi. Wa kwanza kufurahia azimio hilo ni mwizi. Sacco iliyosajiliwa ni mtu mbele ya sheria; humiliki mali na hushtaki kwa jina lake. Ndiyo inayomdai mwenyekiti. Ikifutwa, atateuliwa mfilisi, na gharama za ufilisi zitatoka katika kile kidogo kilichobaki. Ikiwa ni kikundi cha kuweka na kukopa ambacho hakijasajiliwa, hali ni mbaya zaidi: kikishasambaratika, hakuna tena wa kudai. Daftari litabaki kwa mtu, kisanduku kitabaki kwa mwingine, funguo tatu zitakuwa katika nyumba tatu zisizosalimiana. Mpelelezi akija baada ya miezi minne hatapata shahidi anayekumbuka tarehe.

Zaidi ya hayo, wale themanini wanaorejesha watafanya nini? Wengi wataona hakuna sababu ya kulipa deni kwa chama kilichokufa. Hivyo wizi wa wawili utazaa uzembe wa themanini, na mwaka ujao parishi nzima itaitwa parishi ya wezi, ilhali wezi walikuwa wawili.

Wakubwa nao wamejifunza hilo kwa gharama. Aprili 2016, Chase Bank ya Kenya iliposhikwa na Benki Kuu kufuatia kasoro katika hesabu na kuondoka kwa mwenyekiti wake, wenye akaunti walikuta milango imefungwa. Wiki tatu hazikupita kabla haijafunguliwa tena chini ya usimamizi wa KCB, na wateja wakaruhusiwa kwanza kuchukua hadi shilingi milioni 1 ya Kenya. Si kila mtu alipata chake chote kwa wakati, na wenye amana kubwa walisubiri sana. Lakini njia iliyochaguliwa ilikuwa ya kuwatoa waliokuwa wakiongoza na kuiacha kaunta ifanye kazi. Sacco ya Masinya haina Benki Kuu ya kuisimamia kwa namna hiyo, ila ina mkutano mkuu, ina afisa biashara wa wilaya, na ina Mwandikishaji wa Vyama vya Ushirika mwenye mamlaka ya kuagiza uchunguzi. Kuisimamisha kamati, kuzuia akaunti isiguswe, kuchagua kamati ya muda na kuomba ukaguzi ni hatua zinazoweza kuanza ndani ya wiki moja bila kuua chama.

Na polisi je?

Msomaji makini atakuwa ameshatungojea hapa. Swali linalotuhusu sisi wenyewe haliwezi kurukwa, kwani askari mmoja akichukua hongo kwenye kizuizi cha barabarani, hakuna anayesema askari fulani amechukua. Husemwa polisi wamechukua.

Mwaka 1999 serikali ya Uganda iliunda tume ya kuchunguza rushwa katika Jeshi la Polisi, ikiongozwa na Jaji Julia Sebutinde. Vikao vyake vilifanyika hadharani na wananchi walivifuatilia kwa hamu. Mwaka 2001 uongozi wa jeshi hilo ulikabidhiwa jenerali wa jeshi la ulinzi, Katumba Wamala; akafuatiwa mwaka 2005 na Kale Kayihura, aliyekaa hadi 2018. Kwa hiyo kwa miaka 17 polisi waliongozwa na watu waliotoka nje ya polisi. Wapo wanaosema hiyo ilikuwa dawa, na wapo wanaosema ilikuwa adhabu ya wengi kwa makosa ya wachache, maana kijana aliyejiunga mwaka 2002 akiwa safi alikuta njia ya kufika juu kabisa imezibwa na kosa lililotendwa kabla yake. Wote wawili wana neno. Nchini Kenya, Oktoba 2022, kikosi maalumu cha upelelezi kilichojulikana kama SSU kilivunjwa kwa tuhuma za kupoteza watu, wakiwemo raia wawili wa India na dereva wao. Hapo kikosi kilivunjwa na maofisa wake pia wakashtakiwa. Sehemu ya pili ndiyo tunayoitilia mkazo. Kikosi kinachovunjwa bila mtu yeyote kushtakiwa huwa kimebadilishiwa jina tu.

Kwa hiyo tunapopokea malalamiko dhidi ya askari, tunawaomba wananchi watuletee mtu: namba ya kifuani, muda, mahali, gari. Malalamiko ya jumla dhidi ya kituo hayana pa kushikia. Na pale kituo chenyewe kilipojua na kunyamaza, msisite kulisema hilo kama kosa la pili lililo tofauti na la kwanza. Asiyependa kuja kwetu, upande wa Uganda ipo Tume ya Haki za Binadamu na kipo Kitengo cha Viwango vya Utumishi ndani ya polisi. Upande wa Kenya ipo mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, IPOA.

Mkiwa na jambo la namna hii

Kwa vikundi na vyama vyenye tuhuma dhidi ya kiongozi, leteni vitu hivi kabla havijapotea: katiba ya kikundi au masharti ya chama, kumbukumbu za mikutano zilizotiwa saini, leja au daftari la akiba, stakabadhi, taarifa ya benki au ya simu ya fedha, na majina ya waliokuwa na mamlaka ya kutoa pesa. Toeni nakala na mbaki na asili. Mpelelezi akihitaji asili, ataiandikia hati ya kuipokea. Barua ya mwenyekiti wa LC1 husaidia kutambulisha kikundi, lakini kukosekana kwake kusiwazuie kuja, hasa pale mwenyekiti huyo ana udugu na mtuhumiwa.

Mtuhumiwa akivuka mpaka, msimfuate wenyewe. Kutoka Masinya hadi Busia ya Kenya ni mwendo mfupi, na tunafahamu kishawishi cha vijana kupanda pikipiki sita na kwenda kumrudisha mtu kwa nguvu. Anayefanya hivyo hugeuka yeye mtuhumiwa upande wa pili. Polisi wa nchi zetu hushirikiana kupitia umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioanzishwa Kampala mwaka 1998, na sheria ya Kenya inaruhusu hati ya kukamata iliyotolewa katika nchi jirani kuidhinishwa na hakimu wa Kenya ili itekelezwe huko. Ili hakimu wa Uganda aitoe hati hiyo, tunahitaji maelezo ya mlalamikaji, jina la mtuhumiwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, na kiasi cha fedha kinachodaiwa kwa hesabu iliyokaguliwa. Kikundi kilicho hai, chenye kamati ya muda na daftari lake mkononi, huyapata hayo matatu kwa siku mbili au tatu.